Saruji ya Jenoveva

Saruji ya kaburi la mwanangu niliijengea tanuri la mikate. Hakuna aliyenilazimisha na sikuwa nimelewa. Nilikuwa fundi mwashi mwenye akili zake, na mke wangu alikuwa safarini.

Mtoto aliitwa Jenoveva. Alikuwa na miaka sita. Surua ilimchukua mwezi wa pili mwaka 1983 kule Mugango, tulikompeleka kwa mama yangu, aliyekuwa anaishi kwa wajomba zangu. Tulimpeleka kwa sababu mjini Musoma tulikuwa tunalala na njaa. Surua ile haikumchukua yeye peke yake. Watoto kumi na mmoja walizikwa ndani ya wiki tatu, mstari mmoja, nyuma ya kigango, kanisa dogo la kijiji. Kwetu mtu anazikwa kwa baba yake, lakini mji wa baba yangu ulibaki porini tangu tulipohamishiwa kijijini mwaka 1974, na mimi nilikuwa mpangaji wa vyumba viwili mtaa wa Nyasho, mjini. Mpangaji hana pa kuzika. Tukamlaza pale na wenzake. Kifusi, mawe pembeni, msalaba wa mti.

Hyasinta, mke wangu, alisema jambo moja tu siku tulipoanua matanga.

"Msalaba huu utaliwa na mchwa. Baba Veva, mimi nataka saruji."

Miaka ile saruji haikununuliwa dukani. Ilitoka kwa kibali, na kibali kilitoka kwa mtu aliyekuwa anakwambia njoo Jumatatu. Hyasinta alikwenda kila Jumatatu ofisi ya kata, miezi kumi na minne. Mimi nilikwenda mara mbili nikachoka. Mwezi wa nne mwaka 1984 akapewa mifuko miwili. Kwenye kibali waliandika: kaburi la mtoto.

Ilikuwa masika. Nikamwambia tusubiri mvua iishe, kazi isije ikanyeshewa kabla haijashika. Hilo lilikuwa kweli. Tukaiweka mifuko juu ya mbao chini ya kitanda, tukaifunika nailoni, maana unyevu wa ziwa unagandisha saruji ikiwa ndani ya mfuko. Kila asubuhi Hyasinta alipiga magoti, akaibonyeza kwa dole gumba.

"Bado laini," alikuwa anasema, halafu anaenda kuwasha moto wa chai.

Mwezi wa sita dada yake Eufrasia alijifungua kwa kupasuliwa, Bunda, mtaa wa Kabasa. Hyasinta akaenda kumuuguza. Alisema atakaa mwezi mmoja.

Sasa niseme habari yangu. Mimi niliacha shule darasa la nne nikashika mwiko. Ninachokijua ni saruji. Lakini miaka miwili mizima sikuwa nimeigusa. Nilijenga mabanda ya kuku Butiama kwa tope. Nilijenga majiko ya watu Nyasho kwa tope. Kwetu kukandika ni kazi ya wanawake, na vijana walikuwa wananiita fundi tope nikipita. Nilikuwa nalala juu ya mifuko miwili ya saruji, na asubuhi naenda kukanyaga udongo kwa miguu.

Siku hiyo nilikuwa nakunywa chai kwa Kwangu, mwenye hoteli pale stendi.

"Fundi," akasema, "mkeo si alikuwaga jikoni kwa masista?"

"Miaka minane."

"Mikate anaiweza?"

"Anaiweza kuliko hao masista."

"Basi mmekaa juu ya mali. Unga wa ngano umeanza kuingia kutoka Sirari mpakani. Akinipa mikate thelathini kwa siku, naimaliza kabla ya saa nne."

"Tanuri hana."

Kwangu akaangalia watu waliokaa, kisha akaniangalia mimi. "Jamani, huyu ni fundi wa nini?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Nilirudi nyumbani nikibishana na nafsi yangu, na nafsi ikashindwa. Nilisema saruji itaganda. Nilisema mikate ya miezi miwili italeta saruji nyingine, ya magendo kama ni lazima. Nilisema Hyasinta amewahi kutamani tanuri, akirudi atafurahi. Kwenda Bunda kumwuliza ilikuwa safari ya asubuhi moja. Sikwenda.

Matofali ya kuchoma mia tatu na arobaini niliyapata kwa mtu wa barabara ya Bunda, nikampa baiskeli yangu. Mawe ya msingi Musoma huyanunui, unayakwepa tu. Nikainua meza ya mawe hadi kiunoni. Juu yake nikapanga tofali za kulala, kisha nikamwaga mchanga mbichi na kuushindilia uwe mviringo, ili tofali za kuba zipate pa kuegemea. Ukimaliza unauchota mchanga kupitia mlangoni, kuba linabaki limesimama lenyewe. Kile kifusi cha mchanga kilikuwa kimo cha goti. Sikukitazama sana.

Jirani yetu Mbuke alikuwa mfinyanzi. Alikuwa anachoma vyungu vyake nyuma ya nyumba na kuviuza sokoni. Akaja akasimama na mtoto mgongoni.

"Fundi, unatia nini humo?"

"Saruji."

"Kwenye moto?"

"Saruji inashika daraja, itashindwa na mikate?"

"Daraja halipikwi." Akacheka mpaka mtoto akaamka. "Chukua udongo wa kichuguu, uponde, utie majivu na mavi ya ng'ombe. Mimi nachomaga vyungu kila wiki. Moto naujua."

"Mbuke, kukandika ni kazi yenu. Mimi ni mwashi."

"Haya, mwashi. Sihami. Nitakuja kuona."

Nilijengea saruji kila tofali. Nikasakafia ndani, pale mikate inapokaa, sakafu laini kama ya benki. Iliyobaki nikapiga lipu nje, nikaisugua mpaka ikang'aa. Mwiko ulikuwa unateleza mkononi nikasahau kula mchana. Watu walikuja kutazama. Uani kwa watu wa Nyasho hakuna aliyekuwa ameona saruji mpya siku nyingi.

Hyasinta alirudi Jumamosi, amebeba kikapu cha dagaa na khanga aliyopewa na dada yake. Alipoliona tanuri alitua kikapu chini.

"Hee! Baba Veva! Tanuri?"

"La kwako."

Akalizunguka. Akainama akachungulia mlangoni. Akaweka kiganja juu ya lipu, akakipitisha taratibu, akitabasamu. Kiganja kikasimama. Akaingia ndani. Nikasikia kitanda kinavutwa. Alipotoka alikuwa hana kitu mikononi.

"Saruji iko wapi?"

"Si hiyo."

"Hiyo ipi?"

"Nitairudisha, Mama Veva. Kwangu anataka mikate thelathini kwa siku. Miezi miwili tu."

"Ulimwuliza nani?"

"Hukuwepo."

"Mabasi hayaendi Bunda siku hizi?"

"Ingeganda."

"Ingeganda ikiwa ya Veva," akasema.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Usiku alilala upande wake, na Jumatatu alikanda unga, kwa sababu tanuri lilikuwa limeshajengwa na saruji haichomoki ikarudi mfukoni. Nilimkatia makopo ya mafuta yawe vyombo vya kuokea. Mikate ishirini na sita.

Nikawasha kuni saa kumi alfajiri. Moto ulipokolea nikasikia tik, tik ndani. Nikasema linakauka. Tulipotoa makaa, tukafagia na kuingiza makopo, ikasikika pa! Halafu tena, pa! Sakafu yangu laini ilikuwa inapasuka na kuruka vipande vipande, na vipande vinatua juu ya mikate. Harufu ilikuwa nzuri mno. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wamejaa uani. Mikate ilipotoka ilikuwa imeumuka vizuri, rangi ya asali, na vipande vya saruji vimezama ndani yake. Hyasinta akakaa chini na kisu, akaichokoa mmoja mmoja. Alifanya hivyo saa nzima bila kuinua uso, kisha nikaipeleka hotelini kwa Kwangu.

Jioni Kwangu alikuja mwenyewe, amebeba mikate kumi na tisa iliyobaki. Alinivuta pembeni.

"Mteja wangu amevunjika jino."

"Nitarekebisha sakafu."

"Siyo jino tu, fundi." Akashusha sauti. "Saruji hii si ile ya kibali? Ile mkeo aliyoifuatilia?"

Nyasho nzima ilikuwa imemwona Hyasinta akienda ofisi ya kata mwaka na zaidi.

"Watu wameshajua," Kwangu akasema. "Wanaulizana kama wamekula mkate wa kaburini. Mimi na wewe hatuna ubaya. Lakini pale hotelini kwangu mikate hiyo isije tena."

Niliibandua sakafu nikapanga tofali tupu. Nikawasha tena, nikijidanganya kwamba watu wakiona mikate safi watasahau. Moto wa pili ufa ulitokea mlangoni. Moto wa tatu ufa ukapanda mpaka nyuma, upana wa kidole. Nilikuwa nimechutama mbele yake natazama kuba linavyoshuka katikati, polepole, kisha likaangukia ndani kwa kishindo, majivu yakanijaa machoni. Hyasinta alikuwa mlangoni pa nyumba anamenya mihogo.

"Limeisha?" akauliza.

"Limeisha."

Akamaliza kumenya. Tulikula. Kesho yake alifunga nguo zake.

"Siendi kwa hasira," aliniambia. "Nikikaa hapa nitakuwa nalitazama. Ukipata mifuko miwili njoo Kabasa unichukue, twende wote Mugango."

Nilikwenda ofisi ya kata siku hiyo hiyo. Karani akafungua daftari, akashusha kidole.

"Jenoveva Masatu. Kaburi. Mifuko miwili." Akafunga daftari. "Marehemu ameshachukua."

Mbuke aliniomba matofali yaliyoanguka, nikampa. Alijenga la kwake kwa udongo wa kichuguu, majivu na mavi ya ng'ombe, kwa siku nne, mtoto mgongoni. Halikuwa na sura. Kuba lilikaa upande kama kofia ya mlevi. Lakini lilioka mikate miaka na miaka, na Kwangu aliinunua, na mimi niliinywea chai.

Magendo sikuyaweza. Kila nilipopata kidogo kiliishia kwenye kodi ya nyumba na unga wa muhogo. Mwaka 1986 mama yangu alifariki. Yeye ndiye aliyekuwa akipalilia pale nyuma ya kigango. Nilikwenda kuzika, nikakaa Mugango siku nne, na nyuma ya kigango sikwenda. Niliona aibu kwenda mikono mitupu. Ningekwenda siku ile ningeliona kaburi lake bado, ningeviringisha hata jiwe kubwa nikaliacha pale. Sikwenda.

Mwaka 1988 saruji ilirudi madukani. Unaingia, unalipa, unabeba, hakuna anayekuuliza nani amekufa. Nilinunua mifuko miwili, nikaenda Kabasa. Hyasinta aliniona nimesimama na mifuko juu ya mkokoteni, akavaa viatu, akamuaga dada yake.

Mugango tulifika saa tano. Katekista Bernado, aliyewazika watoto wale, alikuwa amehamia kigango cha mbali, na aliyekuwepo alikuwa na mwaka mmoja tu hapo. Nyuma ya kigango nyasi zilifika magotini. Misalaba haikuwepo hata mmoja. Mawe yalikuwa yamechukuliwa, watu wamefanyia mafiga. Tukafyeka. Chini ya nyasi ardhi ilikuwa sawa, isipokuwa vibonde vidogo vidogo.

"Ni wa nne kutoka upande huu," Hyasinta akasema.

"Wa tano."

"Wa nne, Baba Veva. Mimi nilikuwa nimesimama hapa na mama yako amenishika."

"Mimi nilichimba."

Tukahesabu vibonde. Vilikuwa tisa. Tukahesabu tena, tukitembea kila mtu upande wake. Tisa. Makaburi mawili yalikuwa yamejaa udongo yakapotea kabisa, na hatukujua ni yapi, kwa hiyo wa nne hakuwa wa nne na wa tano hakuwa wa tano.

Mimi nikachana mfuko, nikamwaga mchanga na maji, nikaanza kukoroga. Sikujua la kufanya jingine.

"Acha," akasema.

"Tumfunike wa nne, kama unavyosema wewe."

"Utamfunika mtoto wa nani?"

"Basi tuyafunike yote."

"Mifuko miwili itafika wapi? Na wenye watoto wao wapo, uwaambie nini?"

Nikaendelea kushika koleo, saruji inakauka. Yeye alikaa kwenye nyasi zilizofyekwa, kati ya pale aliposema yeye na pale niliposema mimi, miguu ameinyoosha. Alikaa hivyo mpaka saa tisa. Alipoinuka alikung'uta khanga.

"Ungeniuliza tu," akasema.

Tulipanda gari moja mpaka barabara kuu. Yeye akasubiri la Bunda, mimi la Musoma. La kwake lilitangulia.

Mfuko mzima nilimwachia katekista akarekebishie ngazi ya kigango. Ule niliokoroga uligandia pale pale kwenye nyasi.

Gharama yake ni hii. Mifuko minne ya saruji. Baiskeli moja. Matofali mia tatu na arobaini, ambayo angalau Mbuke aliyatumia. Mikate ishirini na sita. Jino la mtu nisiyemjua jina. Jumatatu za miezi kumi na minne, zote za Hyasinta isipokuwa mbili. Hyasinta mwenyewe, ambaye yuko Kabasa, hajaolewa na hajarudi. Na kaburi la Jenoveva, moja kati ya kumi na moja.