Tezi Mbele ya Kikao

Mimi ni fundi mizani. Mizani ya duka ikianza kusema uongo naitwa mimi, na kwa kazi yangu najivuna, ndiyo maana nilichelewa kumpeleka mke wangu hospitali. Alikuwa akila sahani tatu na bado anapungua. Nilimpandisha kwenye mizani ya magunia pale karakana, nikaona amepungua kilo sita, nikaifungua mizani na kuitengeneza. Wiki mbili baadaye zilikuwa zimepungua nne nyingine. Nikabadilisha springi. Mizani ile niliitengeneza mara tatu, mjinga mimi, na haikuwa na kosa hata chembe.

Wakati huohuo mke wangu, mtu wa maneno machache tangu tuoane, alianza kusema. Mikono ilimtetemeka, usingizi ulimruka, alisugua sufuria ileile mara nne, na kila aliyepita mbele yake alipewa lake. Ndugu wakanong'ona kwamba amechanganyikiwa. Daktari alimgusa shingo, akampima damu, akatueleza kwamba kuna tezi pale shingoni inayomwaga homoni kupita kiasi: moyo unakimbia, mwili unakimbia, na akili nayo inakimbizwa. Akampa vidonge. Tezi ilikuwa kaidi. Tangu mwezi wa pili alipimwa damu kila mwezi na dozi ikaongezwa mara mbili, mpaka mwezi wa nane ndipo alipotulia na mashavu yakarudi.

Hapo kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, akaitisha kikao sebuleni kwetu. Ajenda ilikuwa moja tu, matusi. Alitaka ijulikane yapi aliyatoa dada yake na yapi yalitolewa na tezi, ili watu wajue wamnunie nani. Majibu yote ya maabara yalipangwa mezani kwa tarehe. Mdogo wa kike wa mke wangu alikuwa katibu, daftari magotini.

"Mimi," alianza mwenyekiti, "mwezi wa tatu niliambiwa hotuba zangu zinaua harusi. Eti kwenye harusi ya katibu hapa, bwana harusi alisinzia."

"Alisinzia kweli," alisema katibu.

"Sikuuliza hilo. Homoni mwezi wa tatu?"

Katibu alipekua karatasi. "Juu. Mara mbili ya kawaida."

"Basi ni tezi." Mwenyekiti aliikazia macho shingo ya mke wangu kwa ukali wake wote wa shuleni. "Nimeisamehe."

Shangazi yao aliambiwa mwezi wa tano kwamba akiimba watu hufunga madirisha. Ikaamuliwa ni tezi. Katibu mwenyewe aliambiwa keki zake zinafaa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Tezi tena, na alivyofurahi! Kila tusi likifutwa, kuna mtu alishusha pumzi. Mke wangu aliketi kando yangu, mikono imetulia mapajani. Mimi peke yangu ndiye niliyetoka jasho.

"Napendekeza," alisema mwenyekiti, "kila neno lililotoka kinywani mwake tangu mwezi wa pili hadi wa saba lihesabiwe si lake. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooshwa. Shangazi alinyoosha yote miwili. Wangu ukabaki chini.

"Shemeji, bado una kinyongo? Kwani wewe alikutukana nini?"

"Hakunitukana."

"Sasa?"

Jamani, kuna mambo mwanamume hayasemi mbele ya wakwe. Nikayasema. Jumanne moja ya mwezi wa nne, jikoni, akisugua ile sufuria, mke wangu aliniambia bila kugeuka, "Hata nikizaliwa tena nitakutafuta wewe, ila safari hiyo nitaanza mapema." Miaka ishirini na miwili ya ndoa, sikuwa nimeambiwa hivyo. Sisi si watu wa maneno hayo. Tangu siku ile kila alipomeza kidonge nilifurahi kwamba anapona, halafu nikaogopa.

"Naomba hilo moja tu libaki lake," nilisema.

Katibu aliangalia karatasi, akashusha sauti kama anatoa taarifa ya msiba. "Pole, shemeji. Mwezi wa nne ndipo homoni ilikuwa juu kuliko miezi yote."

"Na hatuwezi kuchagua," aliongeza mwenyekiti. "Ama yote ni ya tezi, ama yote ni yake."

Nilitazama sakafu. Nilikuwa na aibu, lakini huzuni ilikuwa kubwa zaidi.

"Karatasi ya juzi inasemaje?" aliuliza mke wangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo.

"Kawaida kabisa," alijibu katibu.

"Na kidonge nimekunywa asubuhi, mume wangu shahidi. Basi andika." Alisema taratibu, bila haraka wala kutetemeka. "Kaka, hotuba zako ni ndefu, na ulipofika kwenye habari za utoto wako bwana harusi alikoroma. Shangazi, nakupenda, lakini usiimbe. Na wewe mdogo wangu, ile keki mpaka leo inazuia mlango wa karakana."

Wote wakanigeukia.

"Ipo," nilisema.

"Hayo yote yalikuwa yangu tangu mwanzo," alisema mke wangu. "Tezi ilinipa mbio tu."

Shangazi alitafuta mkoba wake. Katibu alikuwa akilia huku akiandika. Mwenyekiti alikohoa, akajaribu kuokoa kikao. "Na yale ya jikoni? Ili yaingie kwenye kumbukumbu lazima yarudiwe hapa, leo, mbele ya wajumbe."

"Ya jikoni nitayarudia jikoni," alisema mke wangu, akainuka.

Nikawaacha wakwe na karatasi zao, nikamfuata.