Darasa Lisiloitikia

"Gamam gachati," Baba aliuambia ukuta, kisha akatega sikio.

Ukuta ulinyamaza. Tangu kiharusi kimwangushe na kumkomba maneno, yalibaki hayo mawili tu, ya Kipali, lugha ya kale aliyoifundisha hadi nywele zikageuka pamba. Nami nilimjibu kwa kila nilichokuwa nacho. Nilimletea maji, nikamgeuza ubavu, nikamfungulia dirisha. Alinitazama kama atazamaye mlango uliokataa kufunguka, akarudia yaleyale. Nikajipa moyo: huenda ni jina langu, limepotea njia tu.

Ndipo akaja mwanafunzi wake wa zamani, sasa naye mwalimu mwenye kitambi. Alimsikiliza, akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Dada, hilo ni somo letu! 'Anakwenda kijijini.' Linafuata la kupika wali, halafu la kusoma mwezi mzima. Kijiji, wali, mwezi, vyote hufungwa mkia uleule wa '-am', maana vyote vinapokea tendo la mwingine."

"Kwa hiyo mimi haniambii kitu?"

"Anafundisha tu, dada'ngu. Alitutesa huyu! Akisema yeye, darasa zima tunaitikia. Asiposikia, hasogei. Siku moja tuligoma, tukakwama kijijini hadi kengele."

Akacheka tena, peke yake, akaaga.

Nilirudi jikoni nimenyong'onyea. Nilikuwa nangoja neno moja, hata la kunigombeza. Kupokea tendo la mwingine, hilo mbona nalijua bila kufundishwa! Niliishia darasa la saba, Mama alipougua na mwiko ukakosa wa kuushika. "Utarudi shule akipata nafuu," Baba alisema. Mama hakupata nafuu. Watoto wa watu walikuja sebuleni kwetu kusoma. Niliwapelekea chai, nikatoka, nikaurudisha mlango taratibu nisiwakatize.

"Gamam gachati," sauti ikaja kutoka chumbani.

Niliinjika wali, nikaenda kusimama mlangoni, mwiko ungali mkononi. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mgonjwa mwenyewe.

"Gamam gachati," nikaitika.

Baba aligeuza shingo. Uso uliolegea upande mmoja ukajikusanya, akasogea hadi somo la wali.

"Odanam... pachati."

"Odanam pachati."

Alinikagua tangu kitambaa cha kichwani hadi mwiko. Kisha, kwa Kiswahili ambacho sikukisikia kwake tangu aanguke, akauliza:

"Mwanafunzi... mpya?"

Jina langu lilikuwa pale, ncha ya ulimi, limesimama tayari. Nikaliacha lisimame.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbona umechelewa?"

"Nilikuwa jikoni, Mwalimu."

Aliligeuzageuza jibu hilo muda mrefu, kama anayelitafutia mahali pa kuliweka asipaone. Mwisho akainua mkono wake mzima, akauelekeza kwenye kiti kando ya kitanda.

"Keti."

Harufu ya wali unaoungua ilikuwa imeshafika ukumbini. Nikaketi.