Mshale Uliobeba Chumvi

Faudhia ana duka la vitenge mjini Kasulu, na mimi nauza maharage barazani kwake. Mumewe, Hamis, ndiye aliyeniita mwaka juzi, "Bibi Esteri, jua litakuua huko, njoo ukae kivulini." Hadi leo, jioni ikifika, huniingizia gunia ndani mwenyewe.

Nyuma ya kaunta kuna sanduku la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake samaki wa baharini wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe. Kaka yake Faudhia aliwaleta kutoka Tanga, wanne. Faudhia ni wa huko, na hajarudi tangu alipomzika mama yake. Kila asubuhi huwasalimia samaki kabla ya kumsalimia mteja.

Agosti, wawili walikufa. Waliobaki walikaa chini wakihema haraka, chakula hawakigusi.

"Na hawa wakifa, kioo nakitia maandazi," Hamis alisema.

"Utaanza kutiwa wewe," Faudhia alimjibu, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Alikuwa na kipimo, kikopo bapa cha plastiki chenye mshale ndani. Ukikijaza maji, mshale huelea. Chumvi ikizidi, nao hupanda zaidi. Mshale wa Faudhia ulikuwa haufiki mstari wa kijani. Basi kila maji yalipopungua kwa joto la kiangazi, aliongeza mengine aliyoyatia chumvi, maana kipimo kilimwambia haitoshi.

"Bibi, leo naongeza tena," aliniambia. "Siku ya tano hawajala. Kesho sidhani kama nitawakuta."

"Hebu nikione hicho kikopo."

Hamis alicheka. "Bibi, bahari yenyewe umeiona wapi?"

"Bahari sijaiona. Chumvi nimeijua kabla hujazaliwa."

Ni kweli. Mama yangu alichemsha maji ya chumvi ya chemchemi za Uvinza, na kazi yangu utotoni ilikuwa kukwangua masufuria. Maji huondoka na mvuke, chumvi haiendi popote. Hung'ang'ania kila inachokigusa, ikawa ukoko mgumu, mweupe. Nilikigeuza kikopo kwenye mwanga wa mlango. Mshale ulikuwa umevaa ukoko uleule.

"Mwanangu, hiki unakiosha?"

"Namwaga maji tu, Bibi, nakirudisha rafuni."

"Basi mshale wako umejitwika mzigo. Mwenye gunia kichwani utamwambia aruke?"

Faudhia akaleta siki na maji ya uvuguvugu, tukakiloweka kikopo, tukausugua mshale taratibu kwa mswaki mpaka ukabaki plastiki tupu. Akachota maji ya samaki. Mshale ukapanda, ukaupita mstari wa kijani, ukaenda kugonga juu kabisa.

"Yarabi! Chumvi imezidi, na mimi naongeza! Wale wawili nimewaua mwenyewe."

Nilimshika mkono. "Uliwapa ulichodhani wamekosa. Sasa tuwatazame hawa."

Alikuwa ameshakamata ndoo, anataka kuyamwaga maji yote mara moja. Nikamzuia. Aliyeshinda na njaa siku nyingi hupewa uji kwanza. Tulitoa jagi moja la maji ya chumvi, tukatia jagi moja la maji matamu yaliyolala ndooni tangu jana yake. Asubuhi, mchana, jioni, na kila mara tulipima, tukakisuuza kikopo, tukakifuta. Hamis, yule mcheka watu, alibeba maji bila kuombwa, na akatundika kitenge dirishani jua lisikipige kioo. Niliona, nikaendelea kufuta kikopo, nisije nikamtia haya.

Siku ya nne mshale ulisimama sawasawa na mstari wa kijani. Faudhia alidondosha chembe mbili za chakula, akaziba uso kwa viganja.

"Niambie wewe, Bibi. Mimi siwezi kutazama."

Samaki mkubwa alitikisa mkia, akapanda polepole, akaimeza chembe.

"Fumbua macho, mama. Amekula."

Faudhia alipiga kigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Mama mmoja alichungulia mlangoni, kikapu mkononi. "Hapa anaolewa nani?"

"Samaki wamekula!" Hamis alipaza sauti kuliko mkewe. "Ingia, mama, ingia uone!"

Wakaingia, wakajaa. Niliyaacha maharage yangu nje, nikajipenyeza hadi mbele, nikafika wakati yule samaki mdogo alipopanda na kumpokonya mwenzake tonge mdomoni.