Vikaratasi vya Mwaka Mpya

Mama mkwe alikuja kukaa wiki mbili. Alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, na daktari alimkataza kuishi peke yake mpaka kipone. Kifundo kilipona mapema tu. Siku ya kwanza ya mwaka mpya ilimkuta angali pale, miezi tisa sasa, anapanda juu ya kiti bila kushikwa mkono ili akague vumbi la juu ya kabati.

Mkwe wake alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na nane aliyeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, ambaye kila mama yake na mkewe walipoanza kurushiana maneno, alikumbuka kuna friji mahali fulani inavuja.

Asubuhi hiyo walikwenda kanisani wote watatu. Fundi cherehani alikwenda na nia kamili. Mwaka uliopita alikuwa akisali kama mtu anayeongea na simu huku anakoroga sufuria. Mwaka huu aliazimia kumtegemea Mungu kwa moyo wote, isipokuwa pale ambapo ingekuwa haraka zaidi kufanya mwenyewe.

Mchungaji alikuwa kijana, mgeni wa miezi minne, mpenda mambo ya kuonekana kwa macho. Akagawa vikaratasi na kalamu.

"Kila mmoja aandike jambo analoliogopa kuliko yote," alisema. "Msiandike majina yenu. Tutavichoma nje, moshi upande juu, na hofu zetu tumwachie Mungu."

"Kwani Mungu hasikii mpaka afukizwe kama nyuki?" mama mkwe alinong'ona, kwa mnong'ono wake uliofika mpaka kwa wapiga kinanda. Lakini akaandika, mkono mmoja ukikinga karatasi kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu.

Fundi aliandika bila kusita: *Naogopa mama mkwe hataondoka. Tutakaa hivi mpaka mmoja wetu afe, na yeye ana afya kunishinda.* Akakunja mara nne.

Vikaratasi vikatiwa kwenye ndoo ya bati uani. Shughuli ya moto alikabidhiwa mzee mmoja wa kanisa ambaye ni mchomelea vyuma, kwa kuwa alionekana mzoefu. Akamimina mafuta ya taa. Akaona hayatoshi, akaongeza petroli kutoka kwenye pikipiki yake, kwa utukufu wa Bwana. Mchungaji akainama na kiberiti, akasema, "Kwa jina la..."

Ndoo ikalia puu!

Vikaratasi vichache viliungua. Vingine vyote viliruka juu, upepo ukavidaka, ukavimwaga uani kote kama kuku waliofunguliwa banda. Mchungaji alibaki amesimama, nyusi moja haipo.

"Niko salama," alisema.

"Haleluya," akajibu mtu mmoja, bila uhakika.

Hakuna aliyesogea. Kisha kila mtu akakumbuka alichoandika. Watu waliokuwa wametoka tu kumwachia Mungu hofu zao wakaanza kuzikimbiza, wengine wameshika viatu mkononi.

"Okoteni bila kusoma, wapendwa!" mchungaji alipaza sauti.

Wakasoma. Kiongozi wa kwaya, mama mwenye sauti ya kutikisa vioo, alifungua kimoja, akakisoma mara mbili. "Nani huyu anayeogopa mkewe atagundua kwamba hapendi anavyoimba?" aliuliza. Mumewe, hatua tatu kutoka pale, aliendelea kuchunguza mawingu.

Fundi aliokota kilichomwangukia miguuni. Herufi alizijua: kubwa, zimelalia kushoto, zilezile zilizobandikwa mlangoni mwa jiko zikisema *FUNIKA MAJI*. Alijua hapaswi kusoma. Akasoma.

*Naogopa wananivumilia tu. Kule kwangu hakuna hata mtu wa kugombana naye. Mungu, umpe mkwe wangu moyo wa kunipenda. Kama hiyo ni kazi ngumu, umpe basi akili ya kuanika nguo.*

Alicheka kabla hajajizuia, halafu akakisoma tena, polepole. Alipoinua macho alimwona mama mkwe kando ya bomba la maji, miwani imeshuka puani, mkononi ana kikaratasi chenye alama za kukunjwa mara nne.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mume akiwa katikati. Kila mwanamke alikuwa ameshika kikaratasi cha mwenzake. Hilo lilimtosha yule bwana kuelewa kuna jambo.

"Nadhani kuna friji moja..." alianza.

"Leo ni sikukuu," walisema wote wawili. Akaenda hivyo hivyo.

Sebuleni, mama mkwe alikaa, akavua viatu taratibu.

"Kwamba nina afya kukushinda," alisema, "hapo umeandika ukweli."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Hukuwa unaongea na mimi. Ungesikia ninayomwambia Mungu juu yako nikiwa peke yangu, ungehama wewe." Akavisukuma viatu chini ya kiti. "Unataka niondoke?"

Fundi alitaka kudanganya. Alikuwa hodari wa uongo wa adabu. Lakini mwaka ulikuwa na umri wa saa chache tu, ukamwia vigumu kuuchafua mapema hivyo.

"Siku nyingine nataka. Siku nyingine sitaki," alisema. "Lakini ungeniambia unaogopa kurudi. Miezi yote hii unaniambia kifundo kinauma."

"Kifundo kinaeleweka. Upweke utamwonyesha daktari wapi, aufunge bandeji?"

Fundi akakaa karibu naye. "Na nguo ninazianikaje?"

"Mashati unayaning'iniza kwa mabega. Kama watu waliokamatwa."

Walicheka mpaka mama mkwe akatafuta leso. Kisha akamshika mkwe wake mkono, akafumba macho bila kumwuliza kama yuko tayari.

"Bwana," alisema, "tulikuletea siri, ukazimwaga uani. Hatukulalamikii. Mwaka ni mrefu na sisi unatujua: mmoja mkaidi, na mwingine ni mimi. Tushike wote wawili. Nyusi ya mchungaji pia. Amina."

"Amina," fundi alisema, na safari hii alimaanisha.

Siku hiyohiyo walikubaliana. Mama mkwe angebaki. Jiko lingekuwa la fundi asubuhi na la mama mkwe jioni, bila ukaguzi. Na kwa kuwa kukaa bure kulimwasha ulimi, angesaidia kupima wateja.

Siku ya kwanza ya kazi alimzungushia futi mtoto wa mteja kiunoni, akamgeukia mama yake. "Huyu mnamlisha au mnamwonyesha chakula tu?"

Mteja akafura. Fundi alisimamisha cherehani. Jibu kali lilikuwa tayari limefika kwenye meno. Akalimeza, akafumba macho, midomo ikicheza.

"Mbona umenyamaza?" mama mkwe akauliza.

"Nasali."

"Sali kwa sauti," alisema akiandika kipimo, "huenda nina la kuongezea."