Trela la Kahawia

Moto wa nyasi ulipita kaskazini mwa Montana mwezi wa tisa, ukaiteketeza nyumba ya Marlys Tveit. Ghala lilipona, na ng'ombe wote. Marlys, mjane, aliishi na mama mkwe wake, Inga, bibi wa miaka themanini na kitu. Binti wa Inga alimwita mama yake akakae naye Arizona kwenye jua, bibi akakataa katakata.

"Nikakaushwe huko kama samaki?" alisema. "Ng'ombe wana mimba. Tutafute trela, nyumba ya magurudumu, tukae hapahapa mpaka nyumba isimame."

Oktoba wakaenda mjini. Muuzaji aliwaonyesha trela jeupe lenye madirisha mapana na moto wa bandia ukicheza ukutani. Marlys akalipenda papo hapo. Tangu nyumba iungue, hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza jiko analoweza kupikia bila kulia.

"Zima hita," Inga akamwambia muuzaji.

"Bibi, nje kuna barafu!"

"Ndiyo maana nakwambia uzime."

Akavua viatu, akaketi sakafuni na koti lake. Marlys akatazama dari kwa aibu. Haukupita muda Inga akamwita: "Njoo ushike hapa."

Sakafu ilikuwa baridi kama chuma. Marlys akatoka, akachungulia chini ya trela. Mabomba ya maji yalining'inia nje, hayakufunikwa na chochote.

"Hili la kutembelea ziwani kiangazi," Inga akasema. "Januari maji yataganda, na sisi pamoja nayo."

Njiani Marlys alifura. "Mama, hakuna kizuri usichokitoa kasoro."

"Hata wewe nilikutoa kasoro, mwanangu. Mume wako hakunisikiliza, na namshukuru."

Marlys alitaka kuendelea kununa, kicheko kikamponyoka.

Trela la pili lilikuwa la Dwayne, mzee aliyekaa humo miaka mingi akifanya kazi kwenye visima vya mafuta. Lilikuwa la kahawia ndani na nje, na lilinuka mbwa. Lakini chini lilifunikwa lote, mabomba yalipita ndani penye joto, na madirisha madogo yalikuwa na vioo viwiliviwili. Walipoingia tu Inga akavua viatu, na Dwayne akazima hita alipoombwa. Walizungumza, wakanywa kahawa, na Inga hakuomba viatu vyake.

Marlys akaketi kitandani, machozi yakamtoka.

"Tukilichukua hili, mama, ndiyo nyumba imeungua kweli."

Inga akaketi kando yake. "Imeungua, mwanangu. Hata mimi niliingia mle bibi harusi." Akaupapasa ukuta wa kahawia. "Rangi tutapaka."

"Njano," Marlys akasema, akifuta macho.

"Hata ya waridi, mradi miguu isinigande."

Majirani walikuja kulizungushia trela marobota ya majani makavu, upepo usipite chini. Desemba baridi ikakaza. Asubuhi moja mpira wa maji kutoka kisimani uliganda, Marlys akatoka kuuyeyusha kwa mashine ya kukaushia nywele, Inga akimshangilia dirishani kama mtu anayetazama mechi. Maji yakaja. Mabomba ya ndani hayakuganda hata mara moja.

Aprili mafundi walikuja kuchimba msingi wa nyumba mpya. Wakabanana mezani humo ndani, Inga akiwaambia dirisha la jikoni lielekee mashariki, Marlys akisisitiza magharibi. Mafundi wakatazamana, wakaomba kahawa nyingine.