Gauni la Bosibori

Wanaume wengine wa Itumbe huwajengea wake zao jiko zuri, wakahesabu kwamba mapenzi yameisha kuonyeshwa. Ochoki yeye alikuwa amemfia mkewe mara tatu. Mke huyo, Gesare, alitengeneza sinema kwa simu, na kila alipokosa maiti, mwizi au mhubiri mwongo, Ochoki ndiye aliyesukumwa mbele. Sokoni walimcheka, naye akacheka nao. Alimpenda mke wake na hakuona haya.

Lakini sinema hii ya tano ilimtisha. Ilihusu ajuza aliyeitwa mchawi akachomewa ndani ya nyumba yake, na hakuna mwanamke aliyekubali kumwigiza. Hata Linet wa kwaya, aliyewahi kuigiza mlevi mpaka wazee wa kanisa wakamwita kikaoni, alisema jina la mchawi asilisikie karibu naye. Tena ajuza huyo hakuwa wa kubuni. Alikuwa Bosibori, nyanya yake Ochoki. Ilikuwa imepita miaka kumi na moja, na kijiji kizima kilikuwa bado kinaapa kwamba waliomchoma hawakujulikana. Gauni lake la njano lilipona kwa sababu siku ile lilikuwa limeanikwa uani.

"Nitalivaa mimi," Ochoki alisema. "Ila ufanye haraka. Naogopa."

"Hata mimi naogopa," Gesare akajibu, akambania kipaza sauti kidogo kisicho na waya ndani ya kola.

Saa moja asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya michai. Gesare alisimamisha simu yake juu mlimani. Ochoki, kitambaa kichwani na majivu usoni, akatoka kwenye magofu ya nyumba ya nyanya yake, akainama, akaanza kutembea polepole alivyoagizwa.

Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma chai ng'ambo akapiga nduru. "Omorogi! Mchawi! Njooni!"

Ochoki aliganda. Alisikia watu wakikimbia katikati ya michai, na wa kwanza kuchomoza kwenye ukungu alikuwa Mogaka, mzee jirani yao, panga mkononi. Mogaka ndiye aliyeshika jeneza la Bosibori upande wa mbele. Ndiye aliyeomba kaburini mpaka sauti ikamkauka.

Mzee aliliona lile gauni, akasimama ghafla.

"Bosibori?" akanong'ona. "Si wewe tulikuchoma? Mlango nilifunga mwenyewe. Umetokea wapi?"

Kisha akaliinua panga.

"Ni mimi!" Ochoki alipiga kelele, akikivua kitambaa. "Mzee, ni mimi Ochoki!"

Wengine wakafika wakihema, na rungu na mawe mikononi. Gesare akaja mbio akianguka na kuinuka, akilia, "Ni sinema! Jamani, ni bwanangu, ni sinema!" Wakamtazama Ochoki. Mmoja akacheka, wote wakacheka, isipokuwa Mogaka.

"Vua hiyo gauni," alisema, akiangalia pembeni. "Sitaki kuiona. Na hiyo simu, ilikuwa inashika maneno?"

Gesare alifungua kinywa. Ochoki akamwahi.

"Iko mbali, mzee. Inashika picha tu."

Kipaza sauti kilimgusa koo alipokuwa akisema hivyo.

Nyumbani walifunga mlango, wakasikiliza. Maneno ya Mogaka yalitoka wazi, na pumzi yake pia. Gesare akaweka mkono mdomoni. Alikuwa amehangaika miezi sita kutafuta mwisho wa sinema yake, na sasa mwisho ulikuwa mkononi mwake.

"Nifute?" aliuliza. "Ochoki, niambie nifute, nitafuta. Sinema si kitu. Watakuua."

Alimaanisha, na Ochoki aliona hivyo. Alimwaza nyanya yake akiugonga mlango kwa ndani, jambo ambalo hakuwahi kulishuhudia na ambalo sasa hangeweza kuacha kuliona.

"Usifute. Mtumie kaka yako Duke kule Nyamira hiyo sauti, aipeleke kwa polisi. Halafu umalize sinema yako."

Gesare akabonyeza. Mtandao wa Itumbe, siku zote, huwa na haraka kwa mizaha tu. Asilimia kumi. Kumi na tano.

Lango likagongwa.

"Ochoki!" Ilikuwa sauti ya Mogaka. "Fungua. Nimekuja kuona hiyo sinema."

Kupitia ufa wa dirisha walimwona. Hakuwa peke yake, na panga alikuwa nalo bado.

"Ishirini na mbili," Gesare alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Inahitaji kama dakika tano. Ochoki, usitoke."

Ochoki alimshika shavu. "Gauni analiogopa, litakupatia hizo dakika tano." Kisha akaliokota gauni la njano pale alipolivulia, akalivaa, akafunga kitambaa kichwani, akainama kama alivyofundishwa.

Akatoka nje polepole, kwenda kumfungulia.