Kipindi cha Pili Nizwa

Msimu ule timu ya kikapu ya mji wa Ibra, Oman, ilipigwa jicho, sina maneno mengine. Luay alichanika goti ligi haijachanganya, Adham akavunjika mkono, na wengine wakawa wanaonekana hospitali kuliko uwanjani. Timu ilipofika kwenye mtoano, kocha Marzouq alikuwa na wachezaji watano wazima na mmoja anayechechemea. Na katika hao wazima, wa kutegemewa kufunga alikuwa Tamim peke yake.

Nusu fainali ilichezwa Nizwa, Alhamisi asubuhi, mwaka 2003. Mapumziko yalipofika walikuwa nyuma kwa pointi nane. Marzouq alitoka nje kupokea simu. Alikuwa Sleyum, ami yake Tamim.

"Marzouq, baba yake Tamim ametutoka. Mlete mtoto."

Simu ikakatika.

Marzouq alizaliwa Tabora, na kwao Tabora maiti ilingojewa. Babu yake alilala ndani mpaka wanawe wakafika kwa treni. Basi akajiambia kuwa hakuna atakayemzika mzee bila ya mwanawe wa pekee. Kipindi kimoja tu, kisha safari. Miaka yote aliyokaa Oman ameona watu wanavyozikwa upesi, lakini siku ile hakutaka kukumbuka. Alitaka fainali.

Akarudi ndani, akampiga Tamim begani, akamwambia ajitahidi. Tamim akajitahidi kweli. Walishinda kwa pointi mbili, na zote mbili zake.

Marzouq alimchukua katika gari yake, wenzake wakabaki kusherehekea. Tamim aliimba njia nzima mpaka Izki. Hapo Marzouq akasimamisha gari.

"Mzee hali yake si nzuri," alisema.

Mtoto aliyelelewa na Waswahili haelezwi zaidi ya hapo. Tamim aliinamisha kichwa.

"Washamzika?"

"Watakungojea."

"Ibra, kocha? Nani anangojewa Ibra?"

Marzouq alikanyaga mafuta. Alijua sasa, na kujua kulimuuma.

Walipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, kanzu zimeshika vumbi. Tamim aliteremka na jezi yake mwilini. Ami yake akamkumbatia, wakalia wote wawili.

"Nani aliingia kaburini kumpokea?" Tamim aliuliza.

"Jirani yetu, Khalaf. Tulikungoja, mwanangu, mpaka ikaswaliwa Adhuhuri. Nilimpigia kocha wako mapema, simu ikakatika. Nikajua hakunisikia, maskini."

Sleyum alimgeukia Marzouq kwa huruma. Njia ya kutokea ilikuwa wazi, alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Tamim naye alimtazama, na machoni mwake mlikuwa na ombi: sema hukusikia.

"Nilisikia," alisema Marzouq.

Hakuna aliyepandisha sauti. Ndugu waliongoza mpaka barazani, wakajipanga kupokea mkono wa taazia, na Tamim akasimama mahali pa mwana. Watu wakapita mmoja mmoja. Zamu ya Marzouq ilipofika, alinyoosha mkono. Tamim akampa mkono kama alivyowapa wote, akasema "Allah akulipe kheri kwa kuja," na macho yake yakahamia kwa aliyefuata.